Ameanguka Kwenye Mti

Mwishoni mwa Novemba 2019 nilikuwa narudi chuo, mwaka wa pili. Mvua za vuli zilikuwa zimeshika kwetu Vugiri, na nilikuwa na tiketi ya basi linalopita Korogwe saa tatu asubuhi. Mtu wa Vugiri anayetaka kuwahi basi la saa tatu hutoka nyumbani kukiwa bado na giza, maana kushuka kutoka milimani hadi kwenye lami ni safari kamili kabla ya safari yenyewe.

Aliyenibeba alikuwa mtoto wa mama mdogo. Amenizidi miaka miwili, kwa hiyo namwita kaka. Pikipiki haikuwa yake. Alikuwa akiendesha ya tajiri mmoja na kumpelekea hesabu kila jioni, na leseni hakuwa nayo. Mimi nilikaa katikati. Nyuma yangu alikaa mdogo wangu, amelipakata begi langu. Alikuwa amemaliza mtihani wa kidato cha nne siku chache tu zilizopita, na alisema anakuja kunisaidia kubeba mzigo. Ukweli ni kwamba alitaka kwenda kuzurura mjini, kijana wa miaka kumi na saba ambaye hana tena daftari la kusoma.

Watu watatu kwenye pikipiki moja tunaita mshikaki. Kofia ngumu ilikuwa moja, na hakuna aliyeivaa. Ilikuwa imening'inizwa kwenye usukani, ikisubiri tukikaribia lami, kwa sababu trafiki wako kwenye lami.

Kuna kona moja, chini ya shamba la chai, ambapo maji ya mvua huvuka barabara na kuacha utelezi mwekundu. Kila mtu wa kwetu anaijua. Kaka aliijua, akapunguza mwendo, na bado tairi la nyuma likateleza. Hatukuwa mwendo kasi. Tulianguka taratibu, kama watu wanaokaa chini. Mimi niliangukia majani. Mdogo wangu aliangukia upande wa mfereji, penye mawe.

Alisimama mwenyewe. Alijipangusa tope, akaliokota begi, akaniangalia shati langu jeupe lililogeuka rangi ya udongo, akacheka. Nilimuuliza kama ameumia, akasema kichwa kimegonga kidogo. Nikaangalia saa. Tukapanda tena.

Tulipofika chini aliniambia kichwa kinauma. Baadaye alitapika, ikabidi tusimame. Baadaye tena nilihisi amenilalia mgongoni, nikadhani ni usingizi, kwa sababu tuliamka alfajiri. Tulipoingia mjini kaka hakukata kona ya kwenda stendi. Alinyoosha hospitalini bila kuniuliza.

Mapokezi tuliulizwa kimempata nini. Kaka akanivuta pembeni kabla sijajibu. Akaniambia maneno machache tu: tukisema ajali watataka PF3, PF3 iko polisi, polisi watashikilia pikipiki, na yeye hana leseni. Hakunilazimisha. Aliniangalia tu, kwa sababu mimi ndiye msomi, na kwetu mbele ya dirisha lolote la ofisi msomi ndiye anayesema.

Nikasema: "Ameanguka kwenye mti."

"Mti gani?" nesi akauliza.

"Mparachichi."

Nesi aliangalia magoti yangu yaliyojaa tope, akaangalia viatu vya kaka, halafu akaandika. Nadhani alijua. Baadaye daktari aliniuliza mti ulikuwa na urefu gani. Nikaangalia juu, nikasema kama dari hili. Mdogo wangu alifariki kesho yake, kabla ya alasiri. Urefu ule wa dari nimekuwa nao kichwani tangu siku hiyo. Sijawahi kuthubutu kumuuliza daktari yeyote kama jibu tofauti lingebadilisha chochote.

Tulimzika Vugiri. Wazee walikaa, kaka akaja akapiga magoti mbele ya baba, baba akamwinua. Jambo likaishia hapo, nyumbani, kama mambo ya damu yanavyoishia. Msamaha ule silaumu. Nimeona familia zilizopelekana mahakamani zikabaki na kaburi na uadui. Nazungumzia lile neno moja nililolisema mimi, lililoandikwa kwenye karatasi na nesi aliyekuwa na foleni ya watu nyuma yangu.

Januari 2020 matokeo ya kidato cha nne yalitoka. Nilikuwa Dar es Salaam, nikafungua ukurasa wa NECTA kwenye simu, nikashuka hadi shule yake na namba yake. Alikuwa amefaulu, daraja la tatu. Nilikaa naitazama ile namba muda mrefu. Taifa lilikuwa limemhesabu mdogo wangu kati ya watahiniwa wake.

Baadaye nilikutana na hesabu nyingine ya mwaka uleule. Zilikuwa takwimu za Jeshi la Polisi kuhusu ajali za barabarani, na habari ilikuwa nzuri: vifo vinapungua. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 nchi ilikuwa ikipoteza watu karibu 4,000 kwa mwaka barabarani. Mwaka 2016 walikuwa 3,256. Mwaka 2019 hawakufika 1,500. Nilisoma nikijua jambo ambalo anayesoma mwingine asingelijua. Mdogo wangu hakuwemo. Kwa mahesabu ya barabara za Tanzania, hakuna aliyekufa kwetu siku ile. Kulikuwa na mparachichi tu.

Nilianza kusoma zaidi, pengine kwa kutafuta wenzangu. Shirika la Afya Duniani hutoa ripoti ya usalama barabarani kila baada ya miaka kadhaa, na ile ya 2018 ina ukurasa wa Tanzania. Hapo kuna namba mbili zinazotazamana. Ya kwanza ni ile iliyotolewa na serikali kwa mwaka 2016: vifo 3,256. Ya pili ni makadirio ya shirika lenyewe kwa mwaka huohuo: vifo 16,252. Nilitoa kwa kalamu. Tofauti ni watu 12,996.

Makadirio si orodha ya majina. Ni hesabu inayotengenezwa na wataalamu wanaotazama idadi ya watu, magari, kipato, mifumo ya afya na mengineyo, na inaweza kukosea. Serikali nyingi duniani zimelalamikia namba hizo. Lakini hata ukizipunguza kwa nusu, bado linabaki pengo kubwa, na mimi najua mlango mmoja ambao watu hupitia kuingia humo. Polisi huhesabu ajali iliyofika polisi. Majeruhi anayekufa baada ya wiki mbili akiwa wodini anaweza kuandikwa kwa ugonjwa uliommaliza na si kwa gari lililomgonga. Anayefia njiani akiwa kwenye pikapu ya jirani hurudishwa nyumbani akazikwe. Na wa kwetu huanguka kwenye mti.

Niliwahi kusoma maoni ya vijana wenzangu mtandaoni wakidai kuwa polisi hupika takwimu. Sikuchangia. Ningesema nini? Ile namba imepungua pia kwa sababu yangu, na mimi si polisi.

Sisemi kuwa hakuna kilichofanyika. Mtu yeyote anayesafiri barabara ya Chalinze, Segera, Korogwe hadi Same anajua kuwa mambo yamebadilika. Trafiki wenye tochi wamejificha nyuma ya mikonge, na madereva wanapeana ishara za taa. Kwenye makazi ni kilomita 50 kwa saa. Basi haliruhusiwi kuvuka 80, na likivuka, kifaa kilichofungwa ndani kinalia hadi abiria wa nyuma wanasikia, na taarifa inafika LATRA, mamlaka iliyoundwa mwaka 2019 kuchukua nafasi ya SUMATRA kwenye usafiri wa nchi kavu. Nimewahi kuwa ndani ya basi ambalo kengele ililia na mama mmoja akapaza sauti, "Dereva, tunasikia!" Basi zima likacheka, na dereva akapunguza. Mwaka 2023 serikali iliona hali imetengemaa kiasi cha kuruhusu tena mabasi kusafiri usiku, baada ya zuio lililoanza miaka ya 1990.

Barabara hiyohiyo bado inaua, na inapoua hapa kwetu, nchi nzima inasikia. Februari 2023, usiku, pale Magila Gereza wilayani Korogwe, Fuso iligongana na Coaster iliyokuwa imebeba maiti na waombolezaji kutoka Dar es Salaam kwenda kuzika Kilimanjaro. Taarifa ya kwanza ilisema waliokufa ni 17, na idadi ikaongezeka baadaye. Watu walikwenda kuzika mmoja wakazikwa wengi. Januari 2025, usiku tena, eneo la Segera, wilayani Handeni, watu walikusanyika kwenye ajali iliyotangulia, lori likawavamia palepale waliposimama. Walikufa 11. Rais alituma rambirambi zote mbili.

Siku ya ajali ya Segera nilikuwa nyumbani. Tulisikiliza redio, mimi na mama, yeye akichambua maharage. Mtangazaji aliposoma idadi ya waliokufa, mama aliacha kuchambua.

"Hao wamehesabiwa," akasema.

Sikumjibu. Hakusema kwa wivu wala kwa uchungu. Alisema kama mtu anayesema hao wamepata kaburi karibu na njia.

Ndipo nilipoanza kuelewa kitu ambacho kusoma ripoti hakukunieleza. Namba si kumbukumbu tu. Namba ndiyo inayotuma mtu na koleo. Serikali hupeleka tochi, matuta, alama na kingo pale takwimu zinapoonyesha watu wanakufa, na hiyo ni haki, kwa sababu fedha hazitoshi kila mahali. Magila Gereza kukitokea msiba, wakubwa watakuja, watasimama pale, wataangalia barabara. Kona ya kwetu chini ya shamba la chai haikuwahi kutembelewa na mtu, maana kwenye karatasi ni kona salama kuliko zote mkoani Tanga. Hakuna aliyewahi kufia pale. Wote wameanguka kwenye miti, wamepigwa na magogo, wameugua ghafla.

Na kanuni zipo. Pikipiki ya abiria inatakiwa kubeba abiria mmoja, na wote wawili wavae kofia ngumu. Sheria yenyewe ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, wakati ambao hakuna aliyefikiri kuwa siku moja wagonjwa, wajawazito, magunia ya iliki na wanafunzi wa chuo wote watashuka milimani kwa pikipiki. Watetezi wa usalama barabarani wamekuwa wakidai kwa miaka irekebishwe kwenye mwendo kasi, ulevi, kofia ngumu, mikanda na vizuizi vya watoto. Nawaunga mkono. Lakini kofia yetu moja ilikuwa kwenye usukani ikisubiri trafiki. Tulijua sheria inasemaje. Tulichoamini ni kwamba sheria inaanzia kwenye lami.

Kaka sasa ana leseni. Aliikata mwaka mmoja baada ya msiba, akauza mbuzi kulipia mafunzo. Ana pikipiki yake mwenyewe na kofia mbili, na abiria akikataa kuvaa kwa sababu ya nywele au jasho, anamwachia mwenzake ambebe. Amepoteza wateja. Hatujawahi kuongea kuhusu siku ile hospitalini. Akija nyumbani huingia moja kwa moja jikoni kumsalimia mama, "Shikamoo mama," naye humjibu "Marahaba mwanangu," na humpa kiti alichokuwa akikaa mdogo wangu.

Mwaka huohuo wa 2025, baada ya masika, kijiji kilikaa mkutano. Agenda mojawapo ilikuwa ile kona. Mvua zilikuwa zimeila upande mmoja, na watu walitaka iandikwe barua ya maombi, ipite kata, ipite wilaya, ifike TARURA, wanaoshughulikia barabara za vijijini: kalavati, mfereji uliojengewa, kingo kidogo upande wa mawe. Nilikuwa likizo, nikaombwa kumsaidia mtendaji kuandika, kwa sababu ileile ya siku zote, kwamba mimi ni msomi.

Mtendaji ni kijana, mgeni kwetu, mtu wa utaratibu. Akasema barua nzuri inahitaji sababu. Akauliza kama kuna mtu amewahi kupata ajali pale.

Kukawa kimya. Walikuwepo watu labda mia moja, chini ya miti, wanawake upande mmoja, wanaume upande mwingine, na bodaboda wamekaa juu ya pikipiki zao kwa nyuma. Kila mmoja alijua. Nilimwona kaka akitazama mikono yake. Mwenyekiti akakohoa, akasema tuandike tu kuwa barabara ni mbovu. Mtendaji akasema barabara mbovu ziko nyingi.

Nilikuwa na kalamu mkononi. Nilifikiria kaka, kama nikisema leo, miaka mitano na ushee baadaye, nini kitamkuta. Nilifikiria mimi mwenyewe na uongo niliomwambia mtumishi wa serikali. Nilikuwa bado nafikiria mama aliposimama.

Mama si mtu wa kusimama mikutanoni. Alijifunga khanga vizuri, akasema, "Mwanangu."

Mtendaji akamuuliza kwa heshima, "Mwanao alipata nini, mama?"

"Alifia pale. Wakaandika mti." Hakunitazama. "Mwanangu hakuwahi kupanda mti. Tangu mtoto alikuwa anaogopa. Hata maembe alikuwa anaangua kwa fimbo."

Nilikuwa sijui kama ameisoma ile karatasi. Ilikuwa kwenye sanduku lake, imekunjwa ndani ya khanga, na mimi nilijifariji miaka yote kwamba imekunjwa. Kumbe aliijua neno kwa neno. Aliishi na uongo wangu humo sandukuni, pamoja na cheti cha matokeo ya kidato cha nne.

Akakaa. Halafu mzee mmoja upande wa wanaume akasema, na mke wangu mdogo, mwaka ule wa mafuriko, alikuwa anapelekwa kujifungua. Halafu dada mmoja akasema, na mume wangu, alikaa siku nane. Halafu bodaboda mmoja kutoka nyuma akataja mwenzao. Walikuwa wakitaja na mtendaji akiandika, na kila jina lilipotajwa kuna mtu aliinamisha kichwa, kwa sababu kila jina lilikuwa na kaka yake, mwenye pikipiki, aliyelindwa. Yalifika majina sita. Mkutano ule haukumuuliza yeyote nani alikuwa anaendesha.

Tulipokaa ofisini baadaye kuandika kwa usafi, mtendaji alichora jedwali. Jina, umri, mwaka, chanzo. Akaanza na la kwanza kutajwa. Akaandika jina la mdogo wangu, akaandika kumi na saba, akaandika 2019. Alipofika safu ya mwisho akaninyanyulia macho, kalamu ikiwa juu ya karatasi.

"Chanzo tuandike nini? Mama amesema hospitali waliandika mti."

"Andika pikipiki," nikasema. "Tulikuwa watatu. Nilikuwepo. Mti niliusema mimi."

Akaniangalia kidogo, kama yule nesi. Kisha akaandika.